Majina Niliyoyapiga Kalamu Nyekundu

Nyie mnaomaliza form four mwaka huu, na nyie mliomaliza zamani ila bado mnatembea na bahasha ya kaki kwapani, njooni hapa. Nimestaafu. Najua mtacheka, mstaafu gani ana miaka ishirini na tisa. Chekeni haraka tuendelee, mimi kubembelezana sijui.

Miaka tisa nimekaa nyuma ya kompyuta kwenye steshenari moja nyuma ya Mtaa wa Msimbazi, hapa Kariakoo, nachapa CV na barua za maombi ya kazi za watu. Sasa jengo linabomolewa lijengwe ghorofa, steshenari imefungwa, na mimi niliyewatafutia wenzangu kazi sina kazi. Nikikosa, chumba nakirudisha, narudi Nachingwea kukaa kwa shangazi. Nikasema hamna shida, nina kitabu. Kitabu hicho ndicho kilichonifanya niandike haya, ili nyie mkianza cha kwenu msikiandike kama nilivyokiandika mimi.

Ni kaunta buku la gamba gumu jeusi, kona zimeliwa. Lilianza hivi. Kuna kaka mmoja nilimchapia barua akapata kazi kwenye kampuni ya malori. Akarudi na soda mkononi kunishukuru. Nikamwambia soda kanywe mwenyewe, mimi niachie jina la mtu mmoja wa huko ulikoingia, na namba yake, na ruhusa ya kusema nimetumwa na wewe. Akanipa. Mwezi uleule nikampeleka mwingine kwa jina lile, naye akaingia. Ikawa sheria ya pale dukani: aliyepata anarudi na jina. Hata wateja wenyewe walikuwa wanakumbushana kwenye foleni.

"We umepata si umepata? Mbona hujaleta jina?"

"Nimeanza jana tu jamani, hata jina la bosi silijui!"

"Lete hata la mlinzi."

Na la mlinzi nilikuwa naandika. Tena naomba mlishike hilo. Mlinzi anajua nani kaacha kazi kabla ya bosi kujua. Mtu wa kantini anajua zaidi. Nyie mnakimbilia mameneja tu, mnawatumia ujumbe "Mambo boss, naomba koneksheni", mtu mwenye umri wa baba yako unamwambia mambo. Halafu unalalamika hakujibu. Angekujibu nini, poa?

Watu walikuwa wanatoka Mbagala na Gongo la Mboto kuja kusimama pale kaunta. "Dada, nina diploma ya ugavi, una mtu bandarini?" Nafungua kitabu, nashusha kidole, namtoa na jina. Nilikuwa na kasi. Kitabu nilikigawa kwa sehemu za kazi: benki, bandari, hoteli, maghala, hospitali. Na kwenye simu nilisevu hivyohivyo. Neema Benki. Juma Feri. Tabu Hoteli. Longino Ghala. Jina la pili nililiona kama kupoteza wino tu.

Na mtu akiondoka kazini kwake, namkata. Kalamu nyekundu, rula, mstari mmoja umenyooka. Sikutaka kumtuma mteja kwa mtu ambaye hayupo tena, aende apoteze siku. Mnaona? Nilikuwa na sababu nzuri. Mambo ya kijinga karibu yote niliyofanya maishani nilikuwa na sababu nzuri.

Mwenye duka alikuwa Mama Eliya, mama wa Kichaga kutoka Rombo, mfupi, mkali, miwani imening'inia kifuani kwa uzi wa sandarusi. Ndiye aliyenifundisha kuchapa. Siku za mwanzo nilimharibia sana. Kuna kijana nilimchapia barua ya kwenda kiwanda cha mikate, ila nilikopi barua ya mteja aliyetangulia, aliyekuwa anaomba kazi ya ulinzi. Ikaenda imeandikwa kwamba muombaji ana uzoefu wa kukimbizana na wezi usiku na anaweza kutumia mbwa. Kijana akarudi analia. Mama Eliya akaisoma mpaka mwisho, akavua miwani.

"Somoe, huyu mbwa anaenda kukanda unga?"

Tangu siku hiyo kila barua naisoma kwa sauti kabla sijaiprinti. Fanyeni hivyo. Macho yanaruka vitu ambavyo mdomo hauruki.

Mwingine alijaza wadhamini, wale watu wa mwisho kwenye CV ambao ofisi inawapigia kuuliza habari zako. Akamuandika mjomba wake aliyekuwa mkubwa serikalini. Mjomba alishakufa miaka mitatu nyuma. Nikamwambia huyu si marehemu? Akasema, "Dada, jina lake bado linafanya kazi." Ofisi ikapiga, akapokea mjane. Yule mama alilia kwenye simu na afisa asiyemjua, na kijana mpaka leo hakanyagi kwenye ule ukoo. Mdhamini anaombwa ruhusa kabla hujamuandika, na anakumbushwa kila ukituma maombi. Ni simu ya dakika moja. Mnaona uvivu, eti?

Turudi kwa Mama Eliya. Naye alikuwa na kidaftari chake, kidogo cha kuingia mfukoni kwenye aproni. Siku moja alikiacha wazi nikachungulia. Kulikuwa na jina kamili la mtu, kwao wapi, mama yake anaitwa nani, nani aliwakutanisha, mara ya mwisho wameongea lini, na walichoongea. "Mtoto wa pili ana pumu." "Tulimzika baba yake Mwika, mvua kubwa." Kazi ya mtu kaiandika pembeni kwa penseli.

Nikacheka. "Mama, hiki ni kitabu cha koneksheni au cha ukoo?"

"Unaona nimeandika nini kwa penseli?"

"Kazi zao."

"Kwa sababu kazi inahama. Mtu akihama nafuta, naandika nyingine. Mtu mwenyewe simfuti."

"Sasa mtu hana kazi atakusaidia nini?"

Akaniangalia kama anavyoangalia noti anayoitilia shaka. "Wewe mtoto, ngoja tu," akasema, akarudi kwenye fotokopi yake.

Nilimuona mshamba. Nilikuwa na majina mengi kuliko yeye mara kumi.

Sasa huyu Longino. Huyu msimsahau, ndiye chanzo cha haya yote. Alikuwa mtunza stoo kwenye ghala la magodoro, mtu wa Mbinga, mpole, anaongea taratibu mpaka unatamani kummalizia sentensi. Nilimchapia CV mwaka wangu wa pili, akapata, akarudi na jina. Wengine waliishia hapo, jina moja basi. Yeye alikuwa anarudi. Akipita Kariakoo lazima aingie, anasalimia, anaegemea kaunta, anasema, "Dada Somoe, kuna mwingine pale anaitwa fulani, ni muungwana, muandike." Na mimi nilimpelekea watu kwake, wengi, na wengi aliwapokea. Kuna dada mmoja alikuwa anaogopa hata kupanda ngazi ya stoo, Longino akamshikia ngazi wiki nzima mpaka akazoea.

Halafu ghala likahamishwa, watu wakapunguzwa, naye akiwemo. Habari nilizipata kwa mteja mwingine. Nikachukua rula. Nikampiga mstari.

Wiki chache baadaye akaja. Ilikuwa msimu ule tangazo kubwa la ajira limetoka, foleni imefika mpaka kwa muuza mihogo nje. Akaingia, amechomekea shati, bahasha ya kaki mkononi. Nikajua huyu anataka jina. Sikumuuliza kitu. Hata habari za nyumbani sikumuuliza. Nikafungua kitabu ukurasa wa maghala nimtafutie, na kitabu kilikuwa kimelala kaunta kinamwangalia. Akainama, akasoma.

"Dada Somoe. Huyu si mimi?"

"Ndiyo kaka, si umetoka pale? Kitabu lazima kiende na wakati."

Kijana mmoja kwenye foleni akanyoosha shingo. "Eee, bro kapigwa nyekundu! Kadi hiyo, toka uwanjani!"

Foleni ikaangua kicheko. Mwingine akadakia, "Na mechi mbili hachezi!" Na mimi nilicheka. Naliandika hili kwa sababu nimejiapiza kuandika kila kitu. Nilicheka kwa sauti. Longino naye akacheka, kile kicheko cha mtu anayetaka jambo lipite. Nikamwambia, "Kaka, samahani, pisha kidogo hapo, nimalizane na hawa kwanza." Akapisha. Nilipoinua macho tena hakuwepo. Hakuprinti kitu, hakuomba jina.

Mama Eliya alisubiri foleni iishe. "Umemzika mtu mbele ya watu," akasema.

"Mama, ni mstari tu."

"Mpigie."

"Nitampigia kesho."

Sikumpigia. Kulikuwa na watu.

Miaka ikaenda. Naenda haraka sasa. Mwaka huu barua ya kuvunja jengo ikaja, Mama Eliya akauza mashine, akapakia vitu, akaenda zake Rombo kupumzika. Kwenye stendi akanishika mkono. "Kitabu chako kikusaidie," akasema. Sikujua kama ananiombea au ananicheka.

Jumatatu nikakaa kitandani, simu imejaa chaji, kitabu mapajani. Nikaanza na Neema Benki. Huyu nilimtoa mbali, alikuwa hajui hata kuandika "Yah" kwenye kichwa cha barua.

"Nani mwenzangu?"

"Mimi Somoe."

"Somoe yupi?"

"Wa steshenari, Msimbazi."

"Aaa! Dada CV! Mambo? Yaani nilitaka nikutafute, nina mdogo wangu anataka CV ya haraka, nimwambie aje saa ngapi?"

Nikamwambia mdogo wake aende kwingine, pamefungwa. Akasema pole sana, akasema yuko kwenye kikao, atanitafuta. Mimi nilimsevu Benki, yeye akanisevu CV. Kwa hiyo sina pa kumlaumia, na hilo ndilo linaloniuma.

Juma Feri laini yake ina mtu mwingine siku hizi, mwanamke, akaniuliza kwa nini nampigia mume wake. Nilipokata akapiga yeye, mara tatu. Namba zinarudishwa sokoni, wadogo zangu. Kama hujaongea na mtu mwaka mzima, mpigie ujue kama bado ni yeye. Jumatano jioni nilikuwa nimemaliza majina yote yasiyo na nyekundu. Wengine hawakupokea. Wengine waliahidi. Mmoja alinitumia tangazo la kazi ambalo nililichapa mimi mwenyewe na kulibandika ukutani mwezi uliopita.

Ndipo nikaona nafasi moja Posta. Ofisi ya waagizaji wa vipuri, wanataka karani wa kumbukumbu. Kazi yangu kabisa. Mtu wa pale sikuwa naye, nikaenda hivyohivyo, na kwa mara ya kwanza bahasha ya kaki ikawa kwapani kwangu. Kitabu nikakitia kwenye mkoba. Nilitaka kuwaonyesha najua kutunza kumbukumbu.

Mlinzi akapiga simu juu, akataja jina langu, akasikiliza, akaniambia panda ghorofa ya nne, msimamizi anakuita mwenyewe. Moyo ukafurahi. Nikaingia. Nyuma ya meza amekaa Longino.

Ameongeza mwili kidogo. Ana miwani. Kuongea ni kulekule taratibu.

"Karibu, Dada Somoe. Kaa."

"Kaka Longino! Habari za siku nyingi?"

"Nzuri. Za tangu siku ile?"

Nikasema nzuri. Akapokea CV yangu, akaisoma yote. Watu hawasomagi yote, yeye alisoma.

"Haina kosa hata moja," akasema. "Ila mdhamini mmoja tu."

"Mama Eliya. Yuko Rombo sasa."

"Miaka tisa. Watu wote wale. Mmoja tu?"

 Kuna feni ilikuwa inapiga kelele juu, nikawa naiangalia.

"Kile kitabu bado unacho?"

Nikakitoa. Mtanishangaa, lakini hata pale nilikitoa kwa maringo, nikijua ataona kazi. Hakufungua mwanzo. Alienda moja kwa moja maghala, kama mtu anayekwenda chumbani kwake gizani. Akaweka kidole chini ya jina lake. Wino mwekundu haujafifia, nilinunua kalamu nzuri.

"Siku ile," akasema, "sikuja kutafuta jina."

"Ulikuja kutafuta nini, kaka?"

"Kukaa. Nyumbani nilikuwa sijamwambia mtu kwamba nimepunguzwa. Mke wangu alikuwa mjamzito. Nilikuwa naondoka asubuhi, nimechomekea, na bahasha, kama naenda kazini. Nazunguka tu mjini mpaka jioni. Siku hiyo nikachoka kuzunguka. Nikasema ngoja niende kwa Somoe, pale wananifahamu."

Nikasema, "Nisamehe, kaka. Kulikuwa na foleni."

"Foleni ilikuwepo, kweli," akasema. Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira ningejua pa kushika.

Akafunga CV yangu, akanirudishia. "Nafasi ilipata mtu jana. Sijakunyima, nataka ujue. Hata ungekuwa mtu mwingine, jibu lingekuwa hilohilo, na mlinzi angekuambia hapo chini. Nimekuita juu kwa sababu mimi nilipata kazi hii, na sheria yenu naikumbuka. Aliyepata anarudi na jina. Sikuwahi kurudi. Una kalamu?"

Nilikuwa nayo. Ya bluu.

"Andika."

Nikafungua ukurasa mweupe, nikaandika Longino. Nikasimama hapo. 

"Longino nani?" akauliza yeye.

Sikujua. Mtu aliyeegemea kaunta yangu miaka, aliyeniletea majina ya watu wengine, la kwake sikuwahi kulimaliza. CV yake nilichapa mimi kwa mikono hii. Akanitajia. Longino Mathei, na la tatu naliacha, ni la kwake. Akataja kijiji chao kule Mbinga. Akasema mama yake anaitwa Agatha, yupo, magoti yanamsumbua msimu wa baridi. Akasema mtoto alizaliwa salama, wa kike, sasa anaanza shule. Nikaandika yote. 

"Na kwenye kazi, niandike nini?"

"Usiandike," akasema. Akasimama, akanifungulia mlango.

Nilishuka ghorofa zote nne kwa miguu na lifti ipo. Mlinzi akaniuliza, "Vipi dada, umepata?" Nikamwambia nimepata jina. Akadhani nimechanganyikiwa.

Basi. Mnataka ushauri, ushauri ndio huo, mimi si mzee wa methali. Andikeni majina yote matatu. Andikeni mama yake anaumwa nini. Mtu akikosa kazi, hiyo ndiyo siku ya kumpigia, na msimuombe kitu. Kazi yake iandikeni kwa penseli. Na kama hamtaki, fanyeni kama mimi, mje mjionee.

Kodi ya chumba inaisha mwisho wa mwezi. Kazi bado. Leo asubuhi nimeacha majina yasiyo na nyekundu, nimeanza yale niliyoyakata, moja moja, kuanzia juu. Wa kwanza ni Tabu, aliyekuwa anaosha vyombo hotelini mpaka hoteli ikafungwa. Amepokea.

"Nani?"

"Somoe, wa steshenari."

"Si wamebomoa?"

"Wanabomoa."

"Sasa unataka nini?"

"Sitaki kitu, dada. Nauliza hali yako."

 Nilisikia mtoto analia nyuma yake na sufuria inafunikwa.

"Somoe, mimi sina kazi. Sina mtu wa kukuunganisha naye."

"Sijakuomba."

"Haya," akasema, akakata simu.

 Nimeandika tarehe mbele ya jina lake, na kwamba ana mtoto, na kwamba jina la pili silijui bado. Halafu nimempigia tena. Inaita.